Fundi kenda zake, kifusi kaniachia mimi

Salaam alaykum Somo,

Mimi ni mkaazi wa Tudor, Mombasa, katika nyumba aliyotuachia marehemu babangu. Naishi na mamangu, ambaye sasa magoti hayamruhusu kuruka kizingiti. Mwezi wa kumi na mbili mimi na kakangu aliye Doha tulichanga pesa tumtengenezee mama bafu lisilo na kizingiti, tena jiko la uani liezekwe upya kwa kuwa lilikuwa likivuja. Fundi nililetewa na binamu yangu. Tulipatana ufundi shilingi 95,000, vifaa ninunue mimi. Karatasi haikuwako. Tulisemezana tu mlangoni, tukapeana mikono.

Kazi yenyewe sina la kusema. Mama anaingia bafuni peke yake, anashika chuma, anatoka. Taabu ni kilichobaki nje.

Siku ya mwisho fundi alinijia na habari ya msiba kwao Mariakani, akaniomba ile 20,000 iliyobaki. Nikamtumia papo hapo. Akanitumia sauti kwa WhatsApp, ninayo mpaka leo: "Dada usijali, Jumatatu naleta kanta na vijana, tunasafisha kote." Kanta, yaani lile lori dogo la mizigo. Jumatatu hiyo imepita wiki ya tano sasa. Nikimpigia, mara haipatikani, mara apokee aniambie, "Dada, mimi ni fundi, sizoi taka. Tuliandikiana wapi?"

Rundo liko kwenye kichochoro tunachotumia na jirani wa nyuma. Nimelipima kwa utepe: urefu mita tatu, upana moja na nusu, kimo kinanifika pajani. Ndani mna lipu, mawe ya ukuta, taili za bluu, mabomba, choo cha zamani kilichopasuka, ndoo tatu za rangi, mifuko miwili ya simiti iliyoganda, na vipande vya paa la jikoni, yale mabati ya kijivu ya zamani, mazito, yenye mawimbi. Fundi aliyavunja kwa nyundo ili yashuke haraka. Sehemu ya rundo imeingia mtaroni, na maji ya kufulia ya jirani yanarudi nyuma.

Jirani mwenyewe ni bibi wa makamo ya mamangu. Wiki mbili zilizopita mjukuu wake alikanyaga kipande cha taili, akashonwa nyuzi tatu. Hakunijia juu, hakusema neno. Lakini Jumapili zote alikuwa akituletea mbaazi na mahamri, na tangu siku hiyo hajaleta. Sahani yake ya mwisho iko kabatini kwangu.

Kijana mmoja wa mkokoteni ameniambia nimpe 4,000 atakiondoa usiku, nisiulize kinakwenda wapi. Binamu yangu anasema nisimshike fundi, nitamharibia jina. Kakangu anasema niende polisi. Mimi nimechoka. Nifanyeje?

Mwenye Kifusi, Tudor

---

Waalaykum salaam mwanangu.

Nianze na kijana wa usiku: usimpe. Kutoka Tudor, kifusi kinachoondoka gizani kwa mkokoteni hakifiki mbali. Kibarani zamani walikotupa kila kitu kulishafungwa, na jaa la kaunti liko Mwakirunge, kule Kisauni. Hakuna hamali atakayesukuma tani mbili na zaidi za mawe kutoka kisiwani mpaka huko kwa 4,000. Ataziteremsha kwenye mikoko ufukweni, au nyuma ya ukuta wa mwenzio. Na siku ikiulizwa taili za bluu ni za nani, mtaa mzima unajua bafu la nani lilikuwa na taili za bluu.

Sasa kuna jambo ulilolitaja kwa kupita tu, nami ndilo lililonifanya niweke kikombe chini. Hayo "mabati ya kijivu ya zamani, mazito, yenye mawimbi."

Mwanangu, bati halivunjiki kwa nyundo. Bati hujikunja. Kinachovunjika kama sahani ya udongo, na ukingo wake ukaonyesha nyuzi nyuzi kama za katani, yaelekea ni asbesto, yaani simiti iliyochanganywa na nyuzi za madini. Nyumba nyingi za zamani za Tudor, Changamwe na kwingine mjini ziliezekwa hivyo, kwa kuwa haishiki kutu kwa hewa ya bahari wala haipitishi joto. Kenya ilipiga marufuku mapaa ya namna hiyo 2006. Jiko lako likiwa limeezekwa kabla ya hapo, lihesabu kuwa ni asbesto mpaka aliyepima akwambie vinginevyo, maana kwa macho hakuna anayeweza kuapa.

Paa hilo likiwa zima juu, kwa kawaida halimsumbui mtu. Taabu huanza likivunjwa, likikatwa kwa msumeno au likifagiliwa. Hutoa vumbi la nyuzi ndogo zisizoonekana, mtu akizivuta zinakaa mapafuni, na maradhi yake, saratani ikiwamo, hujitokeza baada ya miaka 20, 30 hata 40. Sikutishi. Anayeumia zaidi ni aliyefanya kazi na vumbi hilo miaka na miaka, si aliyepita kando ya rundo kwa wiki tano. Kwa hakika ninayemhofia zaidi ni huyo fundi wako na vijana wake, ikiwa kila jiko wanalivunja kwa nyundo namna hiyo. Mwambie, hata kama mmekosana.

Na huu ni mwisho wa kaskazi, upepo bado upo. Kwa hiyo leo, kabla ya mambo ya pesa na maneno, fanya hivi. Watoto wasicheze pale. Usifagie, na usikokote vipande chini. Chukua ndoo ya maji, tia sabuni kidogo ya kufulia, unyunyize pole pole mpaka vipande vya paa vilowe. Usivipige maji ya kasi, yatatawanya nyuzi. Kisha vifunike kwa karatasi nene ya nailoni, ile wanayotandaza mafundi chini ya sakafu, na uikandamize kwa mawe. Hapo umepata nafasi ya kupumua. Baada yake piga simu ofisi ya Mombasa ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, au afya ya umma ya kaunti, uwaulize nani ana leseni ya kubeba asbesto, kwa sababu haiendi pamoja na kifusi kingine. Hufungwa nailoni mbili, ikazibwa kwa utepe wa gundi, ikaandikwa, ikapelekwa kufukiwa mahali palipotengwa. Mtu akikuomba vipande aezekee banda la kuku, mkatalie. Najua atakuja, watu wa aina hiyo hawakosekani.

Hilo likishatengwa, rundo lililobaki ni mawe na kazi ya mgongo tu.

Nimelipigia hesabu hilo rundo lako. Urefu mita tatu, upana moja na nusu, kimo cha paja, na kwa kuwa limechongoka juu, ni kama mita mbili za ujazo. Kifusi kilicholegea, kila mita ya ujazo ina tani moja na robo au zaidi, kwa hiyo una tani mbili na nusu hivi. Ukijaza kiroba cha sukari cha kilo 50 mpaka shingoni kwa mawe, kitapita kilo 70, kitapasuka katikati ya kichochoro, nawe utakuwa umehamisha rundo hatua kumi tu. Jaza nusu. Vitatoka viroba 65 hivi, vya kuinuliwa na mtu mmoja. Kanta ya tani tatu inabeba vyote kwa safari moja, mkokoteni kwa safari saba au nane mpaka barabarani inapoweza kusimama kanta. Ukiwa na hesabu hiyo mkononi, mwenye kanta hatakutajia bei ya kubahatisha, na wewe hutapigwa.

Lakini kabla hujaita kanta, chambua. Mawe ya korali yaliyo mazima yaweke kando, yana wateja, kwani jiwe la zamani haligombani na simiti mpya. Chuma na mabomba ya chuma, wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita mtaani na mizani yao kila asubuhi. Mawe madogo, lipu na taili zilizovunjika ni vitu vya kujazia na kushindilia chini ya sakafu, na anayejenga Kisauni au Mtwapa mahali penye shimo huvipokea bure, mara nyingine hulipia usafiri mwenyewe. Uliza dukani ulikonunulia simiti. Mwenye duka anajua nani anajaza msingi wiki hii. Sharti kiwe safi: kisiwe na misumari, kisiwe na nailoni, na hasa kisiwe na hata kipande kimoja cha lile paa. Simiti iliyoganda imekwisha kuwa jiwe, usimruhusu mtu akuambie itasagwa itumike tena kwa lipu. Ndoo zenye rangi iliyobaki usizimwage mtaroni, mtaro wa Tudor unaishia baharini. Ziache wazi juani rangi ikauke, kisha zitupwe. Mabomba ya plastiki usiyachome, moshi wake ni sumu, na mamako yuko ndani.

Na ndoo zilizo tupu na choo kilichopasuka viondoe mwanzo, hata ukivipeleka tu ndani ya ua ukavipindua chini juu. Masika yako mlangoni. Mbu wa mchana hataki bwawa, anataka choo cha zamani chenye maji ya kikombe kimoja, na kwa wiki moja au siku kumi yai limekuwa mbu. Sisi wa Mombasa chikungunya ya 2017 na 2018 tuliionja, wengine viungo vilituuma miezi. Mimi mwenyewe niliishi nikishikilia kuta kama mamako.

Tuje kwa fundi.

Hapa utanikasirikia kidogo. Fundi wako ana nusu ya haki. Ukipatana na mtu kwa ufundi, vifaa juu yako, umenunua mikono yake. Kuzoa kifusi ni kazi nyingine, ina vibarua wake na gari lake, na fundi aliyenyooka huitajia bei tangu mwanzo. Wewe hukuuliza, yeye hakusema, kikawa kitu kisicho na mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe hutupwa kichochoroni. Angekutajia 10,000 mwezi wa kumi na mbili ungelipa bila kunung'unika.

Nusu ya pili ya haki ni yako. Kuziba mtaro si ufundi. Kuvunja paa lile kwa nyundo si ufundi. Na ile sauti ya WhatsApp, "naleta kanta na vijana, tunasafisha kote", ni ahadi, aliitoa kwa kinywa chake baada ya kupokea 20,000. "Tuliandikiana wapi" ni maneno ya kutisha wasiojua. Mapatano ya mdomo ni mapatano, kinachosumbua ni kuyathibitisha tu, na wewe uthibitisho unao. Usiifute sauti hiyo. Ihifadhi mahali pawili, pamoja na ujumbe wa M-Pesa, na upige picha za rundo kabla hujaligusa, moja ionyeshe mtaro.

Polisi siwaoni hapa. Kakako yuko Doha, hasira ya simu ni rahisi. Aliyemleta fundi ni binamu yako, basi yeye ndiye mshenga wa ndoa hii, na mshenga haondoki baada ya kula pilau. Mwambie hivi bila kupandisha sauti: "Humharibii jina ukimwambia aje. Jina litaharibika nikienda peke yangu." Na mpe jambo la kupeleka. Mimi ningependekeza mgawane: wewe ulipe kanta, yeye alete vijana wawili na makarai, wapakie, wazibue mtaro. Ni nusu siku. Fundi anayetaka kupata kazi Tudor tena ataikubali, na asiyeikubali amekuonyesha alivyo.

Akikataa, nenda kwa mzee wa mtaa, kisha kwa chifu. Usiwadharau. Fundi anayeishi kwa kupendekezwa na watu hapendi kuitwa kwenye baraza ya chifu mbele ya wateja wa kesho. Baada ya hapo iko Mahakama ya Madai Madogo, ile iliyowekwa na sheria ya 2016. Inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Mombasa ipo. Utadai ulichotumia kuondoa kifusi, kwa risiti. Lakini piga hesabu na moyo wako pia. Kama gharama ni 8,000, siku zako za kazi utakazopoteza mahakamani zina thamani gani? Mimi ningeshikilia baraza ya chifu, nikaacha mahakama kama fimbo ya ukutani.

Usingoje hayo yote kuisha ndipo usafishe. Huko ndiko wengi wanakokwama: "Sitakigusa, nikikigusa nimekubali ni changu." Picha unazo, sauti unayo, hujakubali chochote. Machoni mwa jirani kifusi hicho ni chako tangu siku ya kwanza. Kilitoka mlangoni mwako, fundi yeye hamjui.

Na jirani huyo, mwanangu. Hakukujia juu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko kama angekuja na mayowe. Mtu wa makamo ya mamako, mjukuu kashonwa nyuzi tatu, akanyamaza. Umekwenda kumpa pole mtoto? Hukuandika kama ulikwenda. Nenda leo jioni, kabla kanta haijapatikana, usingoje kichochoro kiwe kisafi ndipo uone uso wa kwenda nao. Mchukue mamako kama anaweza, kwa wao wawili maneno yatakuwa mepesi. Uliza kama mtoto alidungwa sindano ya pepopunda, na gharama ya kliniki ilikuwa ngapi. Akisema hataki pesa, usilumbane naye, ila uliza. Mwambie siku gani rundo linaondoka, siku yenyewe, usiseme "karibuni". Na sahani yake usiirudishe tupu. Hayo unayajua, lakini naona aibu imekufanya uyasahau. Chochote: visheti, viazi karai, hata embe kama zipo.

Mwisho wa barua umesema umechoka, lakini nakujua, mwenye bafu jipya hakawii kuona ukuta wa nje umepauka. Masika yakipita utataka rangi. Basi fundi atakayekuja, awe huyu au mwingine, kabla hajashusha ngazi, chukua karatasi ya daftari. Andika kazi, andika siku, andika kifusi kinabebwa na nani, kinapelekwa wapi, na nani analipa. Uliza paa au ukuta unaoguswa ni wa nini, na kama ni wa kijivu, asiuguse mpaka uulize. Bakisha sehemu ya pesa, si 20,000 inayoweza kuombwa msibani, bali fungu la maana, na uandike chini kabisa: malipo ya mwisho ni siku kichochoro kitakapopitika. Mpe aisome kwa sauti, mamako akiwa amekaa hapo anasikia.